Nilivyobeba Hali ya Hewa kwa Baiskeli kutoka Kanazi

Ninyi wazee wenzangu tunaokaa pamoja nje ya kanisa baada ya misa, mmenichosha. Kila mnapoona wingu mnanigeukia na kucheka. Mmoja wenu anawaambia wajukuu kwamba niliwahi kufungwa Kaniha kwa kosa la kuzuia mvua. Sikufungwa. Nilipewa kuku, nikapewa karanga, na nikanyang'anywa gurudumu la mbele la baiskeli. Naandika safari yote hapa ili msome wenyewe, kisha mniache nisali kwa amani.

Ilikuwa wakati wa Waingereza, mimi nikiwa kijana mwenye elimu ya sekondari ya misheni na kiburi cha kutosha watu wanne. Nilikuwa karani wa Bwana Mifugo, Mzungu mwembamba aliyependa ng'ombe kuliko watu, na sikumlaumu, maana ng'ombe hawakuwa wakimwandikia malalamiko. Mwaka huo sotoka ilikuwa inaua ng'ombe ng'ambo ya mto, na kila juma ilisogea. Chanjo ilikuwako Mwanza, imewekwa kwenye barafu. Ikipakiwa kwenye lori, barafu ingeyeyuka kabla lori halijamaliza kukwama. Kwa hiyo ingeletwa na ndege, kwenye uwanja wa Kanazi, huku kwetu Ngara, ambao sisi wenyewe tuliulima kwa majembe, tukasawazisha vichuguu, tukafukia mashimo ya muhanga, tukapanga mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili.

Sasa msikilize habari za ng'ombe mmoja. Aliitwa Bihogo kwa rangi yake nyekundu ya udongo wa mfinyanzi. Alikuwa wa baba yangu, na alikuwa ameahidiwa kwa Katekista Gaspari wa Mbuba, ili mimi nimwoe binti yake Veronika. Katekista alikuwa amemchagua Bihogo mwenyewe, kwa jina, na hakutaka mwingine. Sotoka ikimpata Bihogo, mimi sina mke.

Kanazi hadi Mbuba

Rubani hakuwa tayari kuruka bila kujua hali ya uwanja, na simu ilikuwa Biharamulo peke yake. Bwana Mifugo alinisimamisha katikati ya uwanja akanifundisha mambo matano ya kusema: udongo, nyasi, upepo, mawingu na ng'ombe. Udongo ulipimwa kwa kisigino. Unakita kiatu kwa nguvu zako zote; kisigino kikizama, ndege isije. Siku hiyo nilikita mpaka goti likauma, udongo ukakataa kabisa.

"Utasema ulichoona," akaniambia kwa Kiswahili chake. "Si zaidi, si pungufu."

Upepo tuliupima kwa mfuko wa kitambaa uliofungwa juu ya mlingoti. Ulikuwa mkono wa kanzu kuukuu tuliyoinunua kwa Sefu, mfanyabiashara wa Biharamulo. Wazazi wake walitoka pwani, naye alizunguka vilima vyetu na baiskeli iliyobeba chumvi, viberiti na maneno. Maneno ndiyo yaliyokuwa mengi. Alikuwa anarudi kwao, tukaondoka pamoja.

"Karani, kila nikitazama mlingoti ule moyo unaniuma," akasema tukipanda kilima cha kwanza. "Kanzu ile niliivaa sikukuu. Leo mkono wake unawapungia wapita njia kama hauna mwenyewe."

"Ulituuzia mwenyewe, Sefu."

"Niliwauzia kitambaa. Sikujua mnakwenda kukitundika."

Mbuba tulipita kwa Katekista Gaspari. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitika, "Marahaba," kisha badala ya kuniuliza habari zangu akauliza habari za Bihogo. Anakula? Anacheua? Macho yake yana machozi? Nikajibu kwa utaratibu kama niko kwenye maungamo. Veronika alituletea maharage na ndizi, akaweka sahani yangu chini bila kunitazama, kama heshima ilivyotaka. Alipokuwa anaondoka akasema, akiliambia jiko, "Wengine wanapewa kazi ya kupeleka udongo mkavu Biharamulo. Wasiudondoshe njiani."

Sefu alicheka mpaka Mbuba ikaisha.

Mbuba hadi kizuizi cha mbung'o

Baada ya vilima huja pori, na porini wako mbung'o, wale inzi wa malale. Serikali ilikuwa imeweka kizuizi njiani, na mlinzi mwenye wavu wa mpini mrefu, kazi yake ikiwa kuwakamata mbung'o wanaopanda juu ya wasafiri bila ruhusa. Yule tuliyemkuta alikuwa mtu wa makamo, mkali, aliyekaa peke yake muda mrefu mno.

Alimzunguka Sefu, akapiga wavu kwenye gunia la chumvi, akamtoa mbung'o mmoja, akamwonyesha kama shahidi mahakamani. Kisha akanigeukia.

"Wewe umebeba nini?"

"Nimebeba hali ya hewa," nikamwambia. Ningeweza kusema nimetumwa na Bwana Mifugo, yakaisha. Lakini nilikuwa nimelitunga jibu hilo tangu asubuhi na nililipenda.

"Fungua niione."

"Haifunguliwi. Iko kichwani."

Akafikiri. Akauinua wavu taratibu, akanivika kichwani mpaka mabegani, akachungulia kwa nje. Nikamtazama kupitia matundu. Sefu alikuwa amekaa chini, ameshika tumbo.

"Kofia nayo vua," mlinzi akasema. "Mbung'o wanapenda kofia."

Alituweka pale mpaka jua likapinda, kwa sababu kila tulipojiandaa kuondoka mbung'o mwingine alitua mgongoni na ukaguzi ukaanza upya. Mwisho nikagundua kwamba hakuwa na haraka ya kutumaliza. Alitaka kujua bei ya chumvi, na kama ni kweli ndege ina watu ndani, na kama watu hao nao wanakaguliwa mbung'o. Nilipomwambia sijui, alisikitika sana. "Basi kazi yangu ni bure," akasema. "Mimi nawazuia huku chini, wao wanapita juu nao." Tuliachana naye akiwa anatazama angani na wavu wake.

Kaniha

Kaniha haikuwa kwenye njia yetu. Sefu alisema ni njia ya mkato. Baadaye nilijua kwamba ni mkato wa kwenda kuuza chumvi.

Tulipita katikati ya mashamba ya mtama uliojikunja majani. Mvua ilikuwa imewakatalia muda mrefu. Watu walikuwa wamekaa vivulini bila kufanya kitu, na mtu akikaa hivyo msimu wa palizi ujue ameshakata tamaa. Tulifikia kwa Mzee Lukonge, mkubwa wa kitongoji, mzee mrefu aliyeongea polepole kama anayehesabu meno yake kwa ulimi.

Nikamwamkia. Sefu, kabla hata sijakaa, akanitambulisha kama anavyotambulisha bidhaa mpya.

"Mzee, huyu si mtu mdogo. Huyu ndiye amebeba hali ya hewa ya huko Ngara yote, anaipeleka Bomani."

Mzee Lukonge akaniangalia kwa makini. "Serikari inaitakia nini hari ya hewa?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini watu walikuwa wamesogea, wanawake wameacha kupepeta, na mimi nilikuwa na sekondari yangu yote kinywani.

"Ni hivi, mzee. Ndege inakuja Kanazi. Ndege haitaki tope. Kwa hiyo Serikali haitaki mvua mpaka ndege ishuke. Mimi ndiye ninayewapelekea neno kwamba kumekauka."

Kuku mmoja tu alikuwa anakwaruza.

"Kwa hiyo," Mzee Lukonge akasema taratibu, "huu ukavu unatoka kwenu."

"Hapana, mzee, mimi napeleka habari tu."

"Na ukishafika ukawaambia kumekauka, wao watafurahi."

"Watafurahi sana."

"Naam," akasema mzee. "Mpeni karani maji aoge."

Nilioga. Nilipotoka nilikuta nimetandikiwa mkeka mzuri, na baiskeli yangu imeegemezwa ukutani haina gurudumu la mbele.

"Imechoka," Mzee Lukonge akanieleza. "Gurudumu limepumzishwa garani, juu ya mtama wa mwaka jana. Mvua ikinyesha nalo litaamka."

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kihangaza chetu ambacho walikielewa nusu, nikachora kwa kijiti picha ya dunia na jua. Mzee alisikiliza yote kwa adabu, kisha akasema, "Wewe ni mtu uliyesoma. Uriyeifunga mvua utaifungua." Kwao mtu wa kuzuia mvua hakuwa hadithi, babu zao waliwapiga watu wa namna hiyo. Mimi walinichinjia kuku. Nilitambua kwamba nilikuwa nimependelewa.

Sijawahi kula vile tena. Kuku wa karanga, ugali wa mtama, uyoga uliokaushwa, asali kwenye kibuyu. Kila asubuhi walinikalisha kwenye kigoda mbele ya shamba, uso nimeuelekeza mawinguni, na kila aliyepita aliniuliza kwa heshima, "Karani, bado?" Nikajibu, "Bado." Wakaitika, "Haya, kula."

Nilitoa rozari yangu nikaanza kusali, na hapo nikazidisha, maana waliitazama kama wanaomtazama fundi akitoa vyombo vyake. Sikuwa najua hata nisali nini. Ikinyesha, nitaachiliwa, lakini mvua za kule huja kutoka upande wa ziwa na kuelekea kwetu. Ingenyesha Kaniha, ingenyesha Kanazi. Isiponyesha, uwanja utabaki mkavu, na mimi nitabaki kwenye kigoda mpaka Bihogo afe. Nilisali Salamu Maria kumi nikiomba ije, nikasali kumi nikiomba isije, nikamwachia Mama Maria achague mwenyewe.

"Unanenepa," Sefu akaniambia. Chumvi yake ilikuwa imekwisha. Watu walikuja kunitazama, na wakishanitazama walinunua.

"Waambie ukweli, Sefu. Wewe wanakuamini."

"Nimewaambia. Nimesema wewe huwezi kuleta hata umande. Wanasema ndivyo mtu wa namna hiyo anavyotetewa na rafiki zake."

Siku tuliyokula uyoga kwa mara ya pili, wingu jeusi lilitokea mashariki. Lilikuja bila haraka. Tone la kwanza lilinipiga usoni pale pale kwenye kigoda, na kabla sijainuka watu walikuwa wameshatoka wote, wanawake wanapiga vigelegele, wazee wamevua makoti wanalowa makusudi. Mzee Lukonge mwenyewe alipanda ghalani akalishusha gurudumu, akalifuta kwa mkono wa shati lake. Alinipa na kuku mtetea wa njiani, amefungwa miguu.

"Nirijua wewe ni mtoto mwema," akasema.

Nilitaka kumjibu kitu. Lakini niliyatazama mawingu. Hayakusimama Kaniha. Yalishusha kilichokuwa chao, yakashika njia ile ile niliyokuja nayo, yakaelekea Kanazi.

Biharamulo

Tuliingia Biharamulo tumelowa mpaka kuku. Bomani nilimkuta karani wa simu, mtu wa kola nyeupe, ambaye hakupenda tope langu juu ya sakafu yake.

"Hali ya uwanja?"

"Nilipoondoka ulikuwa mkavu," nikasema. "Kisigino hakikuzama. Lakini sasa nadhani umelowa."

Akaacha kuandika. "Umeuona umelowa?"

"Sijauona. Lakini mvua imenipita njiani ikielekea huko."

"Mvua imekupita."

"Ndiyo."

"Ikakuambia inakwenda Kanazi."

Makarani wengine wawili wakainua vichwa. Nikahisi wavu wa yule mlinzi umenirudia usoni.

"Bwana," akasema, "umetumwa kusema ulichoona au unachokihofia? Rubani anangoja Mwanza tangu juzi, na barafu nayo inamngoja yeye. Niambie neno moja. Mkavu au umelowa?"

Sasa, wazee wenzangu, mimi siwezi kumtupia lawama yule karani. Aliniuliza vizuri. Bwana Mifugo pia alikuwa amesema niseme nilichoona, na ningeweza kujificha nyuma ya maneno yake. Lakini sikuwa nafikiria maneno ya Bwana Mifugo. Nilikuwa nafikiria macho ya Bihogo, kama yana machozi. Nikasema, "Mkavu."

Akazungusha mkono wa simu, akapiga kelele kuelekea Mwanza, "Mkavu."

Nje, Sefu alikuwa ananingoja na chapati mbili kutoka kwa mama yake.

"Umesemaje?"

"Mkavu."

Sefu akanipa chapati zote mbili.

Kurudi

Nilirudi peke yangu, mimi na yule mtetea. Nilikuwa na wazo la kipumbavu kwamba nikikanyaga kwa nguvu nitaiwahi ndege. Kwenye kizuizi yule mlinzi alimkagua kuku unyoya kwa unyoya. Nilikuwa nimekaribia Mbuba, nasukuma baiskeli kwenye tope linalofika kwenye mnyororo, nilipousikia mlio juu ya kichwa changu.

Niliitupa baiskeli. Nilikimbia barabarani nikipunga mikono yote miwili, nikipiga kelele kwamba kumelowa, kumelowa, rudi. Ndege ilikuwa chini kiasi cha kumwona mtu ndani. Rubani alinitazama, akatabasamu, akanipungia mkono pia. Kisha akaendelea na safari.

Nilifika Kanazi jioni, sina mate kinywani. Ndege ilikuwa katikati ya uwanja, magurudumu yamezama yote, pua imeingia kwenye nyasi kama ng'ombe malishoni. Juu ya mlingoti mkono wa kanzu ya Sefu ulikuwa umelowa, umening'inia, hauonyeshi upande wowote. Bwana Mifugo alikuwa anatembea kuizunguka ndege akikita kisigino hapa na pale, na kila alipokikita alikivuta kwa mikono.

"Mkavu," akaniambia.

"Ulikuwa mkavu, Bwana."

Hakuniambia neno lingine mwezi mzima. Lakini chanjo ilikuwa salama, ng'ombe walikwisha kuanza kupangwa mstari, na rubani alikuwa mzima. Alikuwa kwa baba yangu, maana nyumba yetu ndiyo iliyokuwa karibu na uwanja. Nilikimbia huko kumwomba radhi, na tangu mlangoni nikasikia harufu ya nyama.

Baba alinipokea kwa furaha. "Umekosa kuona. Mgeni ameanguka kutoka juu na hajafa. Ungetaka nimpe maharage?"

"Umechinja nini, baba?"

"Sikuchagua mimi. Alichagua mwenyewe. Alipotoka kwenye mashine yake, Bihogo alikuwa amesogea kuinusa. Mgeni akampapasa mgongoni, akamsifu kwa lugha yake, akampapasa tena. Mara mbili, mbele ya watu. Ningefanyaje?"

Rubani alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba na mfupa mkononi. Alinitambua mara moja. Akanipungia tena.

Bihogo hakufa kwa sotoka. Hakuwahi hata kuchanjwa. Bwana Mifugo alisema dawa isipotezwe kwa nyama.

Katekista Gaspari alilipokea jambo hilo kwa uvumilivu wa Kikristo, yaani alikaa miezi bila kuniitikia shikamoo. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea wazo la kuzeeka peke yangu, ndipo Sefu alipokuja kutoka upande wa Biharamulo, hana chumvi, anaswaga mtamba mwekundu.

"Wa kwako," akasema. "Kaniha wamevuna. Mzee Lukonge anasema ni wa ile mvua."

"Sikuileta mimi, Sefu. Unajua."

"Mimi najua. Mtamba hajui. Mchukue."

Nilimchukua. Nilimpeleka Mbuba, nikamwambia katekista ametoka kwa rafiki. Veronika aliolewa nami kwa ng'ombe wa kuleta mvua, na baba yake, aliyehubiri dhidi ya waganga kila Jumapili, alimpenda mtamba yule kuliko wote zizini kwake. Mtamba akazaa, na ndama wa kwanza katekista akanirudishia mimi.

Kaniha sikurudi. Nilisema nitakwenda kuwashukuru, kisha nikasema nitakwenda kuwaambia ukweli, kisha nikaacha kusema. Miaka ikapita. Ukaja mwaka mwingine wa ukavu, hata kwetu migomba ikaanza kuinama, na mchana mmoja nikamwona kwa mbali mzee mrefu anapanda kilima kwa fimbo, polepole. Nilimjua kwa mwendo. Nikajua amekuja kutaka mvua, na kwamba mbele ya mke wangu na jirani zangu itanibidi niseme au nidanganye.

Nikamwambia Veronika, "Mwambie nimesafiri." Nikaingia kwenye migomba nikachuchumaa.

Nilimsikia akipewa maji, akipewa chakula. Nilimsikia akicheka na watoto wangu. Nami pale nilipochuchumaa, mawingu yakajikusanya bila kuulizwa na mtu, ikanyesha mvua kubwa ya kwanza ya mwaka, ikanipata mimi peke yangu nisiye na paa. Nikakaa humo mpaka ilipokatika na mzee akaaga.

Veronika alinikuta natetemeka. Alinifunga kitenge.

"Amesema nini?" nikamuuliza. "Ameomba mvua?"

"Hakuomba kitu. Ameomba aonyeshwe uzao wa yule mtamba, nimemwonyesha, amefurahi. Amesema amekuwa mzee na alitaka kukusalimu kabla miguu haijakataa." Akanikaza kitenge mabegani. "Na wakati anaondoka amesema, mwambie karani atoke kwenye migomba, ataumwa."